Wafini wanapika nini?

Ubaoni nilikuwa nimeandika majina ya nchi saba, na mbele ya kila jina tarakimu moja: kiasi cha biomasi, yaani miti, mimea na mabaki yake, ambacho mtu mmoja wa nchi hiyo hutumia kwa mwaka kama nishati. Nilikuwa nimekigeuza kuwa uzito wa kuni kavu, ili wanafunzi wangu wapate kitu wanachoweza kukibeba akilini badala ya gigajuli, kipimo cha nishati, neno ambalo halina joto wala moshi. Ufini, takribani tani 4. Uswidi, karibu tani 3. Brazili na Marekani, tani 1 au kuzidi kidogo. Kongo yetu, pungufu kidogo ya tani 1. Mkiani kabisa, Aisilandi na Saudi Arabia, karibu na sifuri. Chini ya mstari niliandika wastani wa dunia nzima, ambao hauifikii nusu tani.

Nilitaka wanafunzi washangae, nao wakashangaa. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake hukaanga mandazi kando ya barabara ya Katindo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, akainua mkono.

“Mwalimu, sasa Wafini wanapika nini?”

Darasa lilicheka. Mimi nilijibu haraka kwamba kwao kuna baridi kali, nikafuta ubao, nikaendelea na somo. Lakini jibu lile lilikuwa dogo kuliko swali, na wiki sita sasa swali hilo limekaa nami jikoni, mahali ambapo hasa lilitoka.

Mizani

Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa huita mkaa; sisi wa Goma tunaita makala, na humu nitatumia neno letu.

Jirani yangu anayeuza maharagi ana mizani ya kuning'iniza. Nilimwomba aniazime kila Jumamosi jioni, nikaanza kupima makala yanayoingia nyumbani kwetu na yale yanayobaki gunini mwisho wa wiki. Tuko watu saba. Kwa wiki nne niliandika katika daftari, na wastani ukatulia kwenye kilo 18 kwa wiki. Siku ya maharagi au sombe (kisamvu), mbabula, yaani jiko letu la makala, ilikula hadi kilo 4. Siku ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, na bugali (ugali) haikufikisha kilo 2. Mwanangu mkubwa alianza kuniuliza kabla ya kupika kama chakula cha leo ni “kizito” au “chepesi”, na hakuwa akimaanisha tumbo.

Kilo 18 kwa wiki ni zaidi ya kilo 930 kwa mwaka, na ukigawanya kwa watu saba unapata karibu kilo 134 kwa kila mmoja wetu. Nilipofika hapo nilidhani ubao wangu umesema uongo, maana kilo 134 ziko mbali sana na tani moja.

Nilikuwa nimesahau msitu.

Makala hayaoti. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huyawasha na kuyaacha yafuke kwa siku kadhaa katika hewa kidogo, mpaka maji na gesi vitoke na kibaki kile kitu cheusi ambacho karibu chote ni kaboni. Katika matanuri ya udongo kama yale ya milima yetu, kilo 100 za kuni hutoa kati ya kilo 10 na 20 za makala. Nikachukua 15, katikati. Kilo zangu 134 zikawa karibu kilo 900 za kuni.

Kwa hiyo ubao haukusema uongo. Jiko moja la Goma lilikuwa limeangukia karibu pale pale ilipo namba ya taifa. Furaha yangu ilidumu muda wa kunywa chai, kwa sababu niliendelea kupiga hesabu. Joto lililokuwamo ndani ya zile kilo 900 za kuni ni kama gigajuli 14. Joto lililofika nyumbani ndani ya gunia ni kama gigajuli 4. Na kwa kuwa mbabula ya kawaida hupeleka chunguni karibu robo tu ya joto lake, na robo tatu huenda kwenye hewa, kwenye bati na kwenye uso wa mpishi, kilichoingia katika maharagi yetu ni gigajuli 1.

Gigajuli 14, kisha 4, kisha 1. Ipi kati ya hizi tatu ndiyo “matumizi yangu”?

Hasira iliyonifaa kwa siku mbili

Lazima niseme ukweli kuhusu rasimu ya kwanza ya andiko hili. Iliandikwa kwa hasira. Kwa miaka yote ambayo nimeishi hapa nimesoma na kusikia kwamba watu wa Goma wanakula msitu, na kila mara neno “wanakula” linaponifikia hujiona nimeketi mezani nikitafuna mti. Sasa nilikuwa na tarakimu mkononi: Mfini mmoja anatumia zaidi ya mara nne ya kile ninachotumia mimi. Niliandika kurasa tatu za mashtaka, nikazisoma kwa sauti, zikanipendeza mno.

Siku ya tatu nilikwenda Kibumba kwa msiba. Njiani nilitazama upande wa volkano ya Nyiragongo na kukumbuka mpaka wa miti ulipokuwa nilipopita huko nikiwa mtoto. Kurasa tatu zikaishia hapo.

Wastani hugawanya kwa watu, lakini shoka halijui kugawanya. Huenda mlima ulio karibu na barabara, hukata hapo, na likimaliza hapo husogea. Ufini ina watu milioni 5 na nusu tu, na misitu inafunika karibu robo tatu ya nchi kavu yake. Mbao zinazoongezeka katika misitu hiyo kila mwaka zimekuwa zikizidi zile zinazokatwa, kwa miongo mingi. Goma ni mji wa watu zaidi ya milioni uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambao moto wake unatoka kwenye miteremko michache, na mingi kati ya hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyowekewa mipaka tangu mwaka 1925, au inapakana nayo. Sina haja ya kueleza nini kimetokea humo. Gorila wa milimani waliouawa kwa risasi mwaka 2007 tunawakumbuka, na walinzi waliozikwa kabla na baada yao tunawakumbuka zaidi, na sote tunajua ni biashara gani iliyotajwa kila mara: ile ya makala.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akatumia kidogo, na msitu wake ukaisha. Sentensi hiyo ilinichukua wiki nzima kuikubali, kwa sababu nilitaka udogo wa namba uwe ushahidi wa kunitetea.

Wanapika miti

Baada ya kuacha mashtaka nilirudi kwenye swali la yule msichana, safari hii kwa uaminifu, na jibu nililolikuta lilinifanya nisimame katikati ya chumba.

Wafini wanapika miti yenyewe.

Sisemi kwa mfano. Gogo hukatwakatwa vipande vidogo, vipande hutiwa katika vyungu vikubwa vya chuma pamoja na kemikali, na huchemshwa kwa saa kadhaa katika joto linalozidi kwa mbali lile la maji yanayochemka. Kinachouunganisha mti huyeyuka. Karibu nusu ya uzito wake hubaki kama nyuzi, nazo ndizo karatasi na kartoni. Nusu nyingine huwa maji mazito meusi. Maji hayo hukaushwa mpaka yaweze kuwaka, huchomwa katika tanuri kubwa, joto lake huzalisha mvuke na umeme unaoendesha kiwanda, na zile kemikali hukusanywa tena ili zitumike upya. Sehemu kubwa ya zile tani 4 nilizoziandika mbele ya jina la Ufini ni hiyo: mabaki ya kupika karatasi, pamoja na magamba na vumbi la mbao vinavyochomwa katika mitambo ya mijini, ambayo hupeleka maji ya moto kwa mabomba chini ya barabara hadi vyumbani mwa watu. Waswidi walifanya hivyo pia baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, na kodi ya kaboni waliyoiweka mwaka 1991 ikawasukuma zaidi kuacha mafuta ya kupashia nyumba joto na kushika mabaki ya misitu.

Hapo ndipo maneno “kwa kila mtu” yalipoanza kunitia mashaka. Nyingi ya karatasi na kartoni hizo huuzwa nje ya Ufini. Mtu anayefungua boksi katika nchi nyingine hahesabiwi. Moto uliotengeneza boksi lake umeandikwa kwa jina la Mfini, ambaye labda siku hiyo alichoma magogo machache ya sauna tu.

Nililirudisha jibu hili darasani. Mvulana mmoja akauliza kuhusu Wamarekani, kama nao wanapika miti. Nikamwambia kwamba baadhi ya viwanda vyao vinafanya hivyo, lakini sehemu kubwa ya tani yao inatoka shambani: zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huenda kutengeneza ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Akataka kujua namna gani, nami nikashukuru kwamba tuko Kivu, maana hakuna mahali ambapo jambo hili hueleweka kwa urahisi zaidi. Mahindi husagwa, huchachushwa kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa kama afanyavyo mtengenezaji wa kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Wabrazili wamefanya hivyo kwa miwa tangu mpango wao wa serikali wa mwaka 1975, na makapi ya miwa huchomwa hapo hapo kiwandani.

“Mwalimu, yaani bugali inaingia kwenye gari?”

Ndiyo. Na bado hatujafika kwenye mfano unaonisumbua kuliko wote. Huko Yorkshire, Uingereza, kituo cha umeme cha Drax, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe, sasa kinachoma punje za mbao zilizoshindiliwa, nyingi zikivuka bahari kutoka kusini mwa Marekani na kutoka Kanada. Mti unaanguka upande mmoja wa Atlantiki na unaandikwa katika safu ya mtu wa upande wa pili. Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu kaboni, moshi wa kituo hicho huandikwa sifuri mahali unapotokea, kwa hoja kwamba hasara inapaswa kuwa imeshaandikwa kule mti ulikokatwa. Naielewa hoja hiyo, na najua sababu yake: kuzuia kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili. Lakini nimejaribu mara nyingi kumfikiria mama wa Sake, jirani na Goma, anayepuliza moto kwa mapafu yake akiambiwa kwamba moshi wake na ule wa Drax vyote viwili vinaitwa biomasi, na vimewekwa safu moja.

Nani alipima

Jambo la pili lililonikosesha usingizi ni kwamba katika ubao wangu nilikuwa nimepanga pamoja vitu viwili visivyofanana hata kidogo: kilichopimwa na kilichokisiwa.

Kiwanda cha karatasi hupima kila lori linaloingia. Kwetu hakuna anayepima chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Gunia linashuka mlimani usiku, linabadilishwa mikono mara tatu kabla ya jua kuchomoza, na hakuna daftari la taifa linalolipokea. Wanaotengeneza takwimu hufanya kile kinachowezekana: huuliza kaya kadhaa zinatumia kiasi gani, kisha huzidisha kwa idadi ya watu. Na idadi hiyo nayo? Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Wengi wa wazazi wa wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa. Kwa hiyo juu ya mstari wa kugawanya kuna makisio, chini yake kuna makisio, na matokeo yake tunayaandika kwa uhakika ule ule tunaouandikia Ufini.

Nilifikiri kuufuta mstari wa Kongo kabisa. Sikuufuta, kwa sababu mizani ya jirani yangu ilikuwa imeniambia kwamba namba ile haiko mbali, angalau kwa nyumba moja. Lakini sasa ninauandika kwa chaki ya rangi nyingine, na ninawaambia wanafunzi sababu.

Na ndani ya mstari huo mmoja kuna nchi mbili. Kijijini, mama anayepika kwa kuni kwenye mafiga matatu hupeleka chunguni kati ya asilimia 10 na 15 ya joto la kuni zake. Mimi wa mjini, mwenye mbabula na gunia safi, nikihesabu kuanzia mti uliosimama, napeleka asilimia 7. Kwa miaka mingi nilidhani mafiga ndiyo upotevu na makala ndiyo maendeleo. Kwa upande wa msitu ni kinyume: chakula kile kile kinamgharimu mti mdogo kuliko wangu.

Sitaki mtu aelewe kwamba namwambia mama wa kijijini abaki kwenye mafiga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Bibi yangu alikohoa miaka kumi kabla hajafa, na sikumbuki jikoni kwake kukiwa na ukuta usio mweusi. Watu hawakuhamia makala kwa ujinga. Makala ni mepesi kubeba, hayaozi, moshi wake ni mdogo, ingawa sumu yake isiyonusika huua wanaofunga dirisha. Kila aliyechagua alichagua kwa busara mahali aliposimama. Hasara ikaenda mahali ambapo hayupo, kwenye tanuri la udongo mlimani, mbali na macho ya mpishi.

Namba ndogo

Mwezi uliopita nilinunua sufuria ya umeme ya presha iliyokwisha kutumika. Nyumba yetu inapata umeme wa maji kutoka upande wa Rutshuru, ambako kituo cha Matebe, chenye uwezo wa takribani megawati 13, kilianza kazi mwaka 2015 kwa juhudi za Hifadhi ya Virunga yenyewe, kwa wazo kwamba msitu hautalindwa kwa bunduki pekee. Maharagi ambayo yalikuwa yanakaa motoni saa tatu sasa yanaiva chini ya saa moja. Bugali tunaendelea kusonga kwenye mbabula, maana sufuria ile haivumilii mwiko wa mama yangu. Wiki ambazo umeme haukukatika, daftari langu linaonyesha kilo 11 badala ya 18.

Nilitazama namba hiyo nikajiuliza ningesomwaje na mtu wa mbali mwenye jedwali tu. Biomasi yangu imeshuka. Je, nimetajirika au nimefukarika? Aisilandi iko karibu na sifuri kwa sababu ardhi yake hutoa maji ya moto na mito yake hutoa umeme. Saudi Arabia iko hapo kwa sababu ya mafuta. Lakini katika vijiji vya Bangladesh miti ni michache kuliko midomo, na watu huchoma mabua ya mpunga, vijiti vya juti na samadi iliyokaushwa, na namba yao nayo ni ndogo. Nyumba ya Goma inayopika mara moja kwa siku kwa sababu gunia limepanda bei pia itaonekana imepunguza matumizi ya biomasi, na hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba watoto walilala na uji wa mchana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama anayeniuzia makala, pale pale penye vumbi jeusi karibu na mzunguko. Ananijua kwa miaka sita. Alianza kunijazia gunia kabla sijasema, nikamzuia nusu.

“Mama, leo unakamata nusu, juu ya nini? Kuna shida nyumbani?”

Nikamweleza kuhusu sufuria. Alisikiliza akiwa ameshika koleo, bila kinyongo, ingawa nusu niliyoiacha ilikuwa chakula chake cha jioni. Aliuliza kama inapika sombe. Nikasema inapika, tena vizuri. Aliuliza kama inakula umeme mwingi, nami nikamtajia kiasi ninacholipa kwa wiki. Kisha akauliza bei ya sufuria yenyewe.

Nilipomwambia, aliweka koleo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, na kuanza kuhesabu kwa vidole ni magunia mangapi ingembidi auze ili ainunue. Alimaliza mkono mmoja, akaanza wa pili, akarudi tena kwenye wa kwanza.